Mikono Mgongoni

Katika maabara ile ya kompyuta kulikuwa na sheria moja iliyoandikwa juu ya ubao kwa chaki nyekundu, na hata siku ya usafi haikufutwa: MIKONO MGONGONI. Maana yake ilikuwa nyepesi. Mwenzako akikuita umsaidie programu iliyokwama, unasimama nyuma ya kiti chake, unafunga mikono mgongoni, unatumia mdomo. Uliza, eleza, gombana ukipenda, lakini kibodi ni ya mwenye kazi. Mwalimu aliyeitunga alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha waliolala, na wanafunzi walimwita Mama Mikono. Alijua wanamwita hivyo ila alijifanya hajui, kwa sababu jina la utani ukilikataa ndio unalitia gundi.

Wanafunzi walidhani sheria ile ni yao. Kumbe aliitunga kwa ajili yake mwenyewe. Mwanamke yule hakuweza kuona kosa akaliacha lilale. Akialikwa nyumbani kwa watu, alinyoosha vitambaa vya makochi. Kwenye mkutano wa walimu aliwahi kusahihisha tangazo la mkuu wa shule, na mkuu mwenyewe alikuwa bado analisoma. Vidole vilimwasha. Ndiyo maana alivifunga mgongoni mbele ya darasa zima, ili watoto wawe walinzi wake.

Wiki hiyo kidato cha mwisho kilikuwa kimeshikwa pabaya. Asubuhi walijiandaa kwa mtihani wa kuandika: wanafuatilia programu kwenye karatasi, mstari kwa mstari, wakisema kila kisanduku cha kumbukumbu kimebeba namba gani. Mchana walimalizia miradi. Na siku hii ninayoisimulia ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kengele ya kutoka ikilia, flashi zote zinaingia kwenye bahasha, bahasha inafungwa, na kesho yake mtahini kutoka nje anakuja kuona kila mradi ukifanya kazi mbele yake. Kitakachoendeshwa ni kile kilichomo ndani ya bahasha. Ukija na kingine, hata kiwe kizuri namna gani, umekwisha.

"Mwalimu, hii kompyuta ina pepo," alisema kijana mrefu waliyemwita Profesa, aliyejua kila kitu isipokuwa kilichokuwa mbele yake.

"Pepo wa nukta-mkato. Mstari wa tatu. Soma."

"Nimesoma, mwalimu."

"Soma kwa macho, usisome kwa kiburi."

Darasa likacheka, kicheko kifupi cha watu wenye wasiwasi. Profesa akaona nukta-mkato iliyokosekana, akaitia, pepo akatoka.

Karibu na dirisha alikaa binti waliyemwita Kibano, kwa sababu aliandika kila kitu kimebanana: namba, alama na maneno, bila hata nafasi ya kupitisha sindano. Mwalimu alikuwa amemkemea mpaka amechoka. "Acha alama ipumue," alimwambia kila mara, "weka nafasi kushoto, weka nafasi kulia." Wapi! Kibano alijibu kwamba alama zake hazina pumu.

Kibano alikuwa mtoto wa dada yake mwalimu, na alikaa nyumbani kwake tangu dada alipohamishwa kikazi. Shuleni alimwita mwalimu, nyumbani mama mdogo, na hakuchanganya hata siku moja. Kwa kuogopa maneno ya watu, mwalimu aliweka sheria nyingine: nyumbani mradi hauzungumzwi. Alimbana mtoto huyo kuliko wengine wote. Lakini moyo haubanwi. Chuo cha ufundi kilichomkubali Kibano kilikuwa kimeweka sharti kwamba afaulu mradi, na mwalimu aliota chuo kile mara nyingi kuliko binti mwenyewe.

Mradi wa Kibano ulikuwa programu ya kupanga foleni ya zahanati. Unaingiza majina ya wagonjwa, programu inaita mmoja mmoja, na kila anayeitwa kompyuta inalia kengele ndogo. Aliuchagua kwa sababu bibi yake aliwahi kukaa kwenye benchi la zahanati mpaka mlango ukafungwa, jina lake halikuitwa. Alikuwa wa mwisho, wakamsahau. Bibi aliporudi nyumbani alicheka, Kibano hakucheka.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Dakika chache kabla ya kengele, Kibano alinyanyuka kwenda kumrudishia mwenzake wa darasa la jirani chaja aliyoazima. Mwalimu akapita nyuma ya kiti kitupu. Kwenye skrini palikuwa na matokeo ya jaribio: wagonjwa watano wameingizwa, wanne wameitwa. Wa tano hayupo. Chini yake kilionekana kitanzi, yaani ile sehemu ya programu inayorudia kazi mpaka iambiwe basi, na mwalimu aliona kosa papo hapo: kiliambiwa basi mapema mno, hatua moja kabla ya mwisho. Alama ya "ndogo kuliko" ilitakiwa iwe "ndogo kuliko au sawa na". Kitufe kimoja tu.

Akatazama mlangoni. Akatazama saa. Mkuu wa shule alikuwa tayari anabisha hodi, bahasha mkononi, akiuliza kama wako tayari. Wanafunzi wote walikuwa wameinamia skrini zao. Mkono wa kulia wa mwalimu ulitoka mgongoni kama mtoto anayetoroka darasani, ukagusa kibodi, ukahifadhi, ukarudi. Hakuijaribu programu. Yeye, aliyewaambia kila siku wasiamini macho yao, aliyaamini ya kwake.

Kengele ikalia. Kibano akaingia mbio, akachomoa flashi, akaitumbukiza kwenye bahasha. Mkuu wa shule akaifunga na kutia sahihi juu ya gundi.

"Umesevu?" mwalimu aliuliza.

"Nimesevu, mwalimu. Tena yule mgonjwa wa mwisho nimeshamtatua! Nimeongeza moja kwenye idadi, kule juu kabisa. Sikuwahi kuijaribu tu, lakini nimeifuatilia kwenye karatasi, iko sawa."

Mwalimu akaigeukia bahasha. Kule juu. Yeye aliona chini tu. Dawa moja ilikuwa imeshatiwa na mwenye ugonjwa, yeye akaongeza ya pili. Idadi imeongezwa moja, na kitanzi nacho kimeongezwa hatua moja. Kesho, mbele ya mtahini, programu itawaita wagonjwa watano kisha itamtafuta wa sita asiyekuwepo, na hapo itakwama. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagikia ndani ya bahasha iliyofungwa.

Jioni, mezani, Kibano alikula kwa furaha. Mwalimu aligeuzageuza chakula kwenye sahani. Alijua sheria za mtihani kwa moyo: mradi ulioguswa na mkono wa mtu mwingine unaweza kufutwa wote. Akisema, huenda amemwua mtoto. Asiposema, mtoto atakwama mbele ya watu kwa kosa asilolifanya. Labda ataliona mwenyewe, alijiambia, ni mwepesi, atarekebisha, hakuna atakayejua. Alijichukia kwa hilo "labda".

"Mwanangu, ule mradi wako..." alianza.

"Mama mdogo! Nyumbani hatuongei mradi. Si sheria yako?" Kibano alicheka, akakusanya vyombo.

Mtu anayetafuta sababu ya kunyamaza haikosi. Mwalimu akanyamaza.

Mtahini alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti. Wapole wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Alikaa mbele ya kompyuta moja, akafungua bahasha, akaita mwanafunzi mmoja mmoja. Wengine walisubiri barazani. Mwalimu aliruhusiwa kusimama ukutani, bila kusema kitu. Profesa aliingia akajibu maswali yote, hata ambayo hakuulizwa, akatoka amelowa jasho. Kisha akaitwa Kibano.

Aliingiza majina matano. La mwisho aliandika "Bibi". Akabonyeza.

Kengele ya kwanza ikalia. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ya tano ikalia, na jina la Bibi likatokea, na uso wa Kibano ukafunguka. Halafu kompyuta ikatoa mlio mkavu, maandishi mekundu yakajaa skrini, programu ikafa.

"Hm," alisema mtahini. "Nini kimetokea?"

"Sijui." Kibano akasogea karibu na skrini. "Naomba nitazame."

"Tazama. Usiguse kwanza, nieleze tu."

Akaanza juu, kidole hewani, akisoma kila mstari kwa sauti ndogo. Idadi, jumlisha moja, sawa. Akashuka. Mwalimu ukutani aliomba chini kwa chini, na hakujua anaomba aone au asione. Kidole kikafika kwenye kitanzi, kikasimama.

Alama ilikuwa imebadilika. Na si hivyo tu. Katikati ya programu iliyobanana kama abiria wa sikukuu, alama ile moja ilikuwa na nafasi kushoto na nafasi kulia. Ilikuwa inapumua.

Kibano akageuza shingo polepole. Akamtazama mwalimu aliyesimama pale na mikono mgongoni. Hakukuwa na hasira katika macho yale, na mwalimu angetamani iwepo. Palikuwa na swali la mtoto mdogo.

"Mstari huo umeandika wewe?" mtahini akauliza. Wapole huona kila kitu.

Kibano akairudia skrini.

"Ndiyo," Kibano akasema. "Ni mimi. Nilirekebisha chini, nikasahau, nikarekebisha tena juu. Ni dawa mbili kwa homa moja. Ikitolewa moja itapona."

Jibu lilikuwa sahihi tupu, na lilikuwa la uongo. Mwalimu alikuwa amemlea binti huyo miaka mingi bila kumsikia akidanganya hata kuhusu sukari. Leo amedanganya bila kupepesa jicho, na aliyemfundisha ni nani? Mwalimu akasogea hatua moja kutoka ukutani.

"Ndugu mtahini," alisema, "mstari huo ni wangu."

"Mwalimu!" Kibano aliruka kutoka kitini. Sauti ilikuwa nusu amri, nusu kilio. "Mikono mgongoni!"

"Iko mgongoni, mwanangu. Jana ndiyo ilitoka. Sheria inaniruhusu mdomo, na ndio ninaoutumia." Akamgeukia mtahini, akaeleza yote: kiti kitupu, kitufe, bahasha. Hakujitetea. Hata kile kimya cha mezani hakukificha. "Yeye hakujua. Kosa lake alikuwa ameshalitatua peke yake. Mimi ndiye niliyeharibu kazi nzima."

Mtahini akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Mwalimu, unajua kwamba hutasimamia tena mitihani ya shule hii?"

"Najua."

"Na wewe binti, umenidanganya."

Kibano akainamisha kichwa.

"Sehemu hii ya mradi siwezi kuipa alama hata moja kama ilivyo. Ningeweza kuufuta mradi wote, na pengine nifanye hivyo. Lakini nikiwa na shaka naruhusiwa kumjaribu mwanafunzi papo hapo." Akafuta kitanzi chote na kila kilichokuwa juu yake, pakabaki weupe. "Andika upya. Mbele yangu. Mwalimu, tafadhali toka nje."

Akatoka. Barazani wanafunzi walimpisha bila kuuliza, hata Profesa. Mwalimu akasimama chini ya dirisha la maabara, akiegemea ukuta. Vidole vilikuwa vinawasha. Kutoka ndani alisikia kibodi: mbio, kimya, mbio tena. Kimya kirefu. Alitaka kupaza sauti, anza na idadi, usisahau hatua ya mwisho. Akauma midomo. Safari hii hata mdomo haukuruhusiwa.

Kibodi ikanyamaza kabisa. Akasikia kitufe kimoja kikibonyezwa kwa nguvu.

Kengele ikalia. Ikalia tena. Ya tatu. Ya nne. Hapo pakawa na pengo, au alilisikia yeye tu. Ya tano ikalia. Mwalimu akafumba macho akisubiri ule mlio mkavu. Akasubiri. Ndani, kiti kilisogezwa, na mtahini alisema kitu kwa sauti yake ya chini ambacho mwalimu hakukisikia.

Muda ukapita ndipo mlango ukafunguliwa. Kibano akatoka, akawapita wenzake wote, akaja akasimama ukutani kando ya mwalimu. Hawakutazamana.

"Amesema jibu litakuja na matokeo," alisema. "Hajaufuta."

"Haya."

"Nimeacha nafasi kushoto na kulia. Aliniambia haisomeki."

Mwalimu akataka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akajifuta machozi kwa bega, maana mikono ilikuwa bado nyuma.

"Mama mdogo," Kibano akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo ndani ya uzio wa shule. "Nilikuwa nimeshaweza."

"Najua."

"Ungesubiri tu nirudi."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mlangoni mtahini akamwita mwanafunzi aliyefuata.