Vunjajungu wa Mazinde

Modesta alipandishwa mlimani Mlola na mizigo miwili: mfuko wa nguo na chupa ya jemu iliyofungwa kipande cha chandarua mdomoni. Ndani ya chupa, juu ya nyasi kavu, alikaa vunjajungu wa kahawia, mkavu kama nyasi hizo za kule Mazinde tambarare alikokamatwa na Esteria, mama yake Modesta, siku chache kabla mama huyo hajalazwa hospitali. Modesta alikabidhiwa kwa mama yake mkubwa, Rahabu, mpaka mama apone. Hakupona. Walimzika Esteria hukohuko Mazinde, na Rahabu aliporudi kutoka msibani akamwambia mtoto kwamba mama bado yuko hospitali, atakuja. Uongo ule ulimtoka kwa urahisi mara ya kwanza. Baada ya hapo ukawa unataka kulishwa kila siku.

Majirani walimwonya Rahabu kwamba mdudu yule ukimshika utavunja vyungu. Naye, ambaye jikoni kwake hakukuwa na chungu hata kimoja, akasema basi na ahangaike na sufuria. Asichoweza kuvumilia ni zile nyasi kavu. Mlola hata mti wa uzio huchipua, iweje mgeni wake alalie takataka? Akazitoa, akamwekea majani mabichi ya maharage.

Vunjajungu akagoma kula nzi siku mbili, akaning'inia kichwa chini, akajivua ganda. Alitoka na mabawa, na wiki haikwisha kabla hajawa kijani kibichi. Rahabu akamwita mtoto aje amwone mgeni aliyegeuka Mshambaa wa mlimani. Modesta alitazama, akaangua kilio.

Ikawa kazi kutafuta nyasi kavu katikati ya masika, ili arudie ukahawia wake. Rahabu alizianika juu ya jiko, mtoto akazipanga ndani ya chupa, na kila asubuhi, hata kabla ya shikamoo, alikwenda kuchungulia. Kijani. Jirani yao Mzee Nikodemo, aliyewahi kufundisha shule, alimkagua mdudu akasema ukweli bila kujua uzito wake: hawa hubadilika wanapojivua, na huyu akishaota mabawa hajivui tena.

Modesta akaikumbatia chupa. "Mama mkubwa, mama akija hatamjua. Atasema wa kwake nimempoteza."

Rahabu alifungua kinywa aseme atamjua tu, kama alivyozoea. Kinywa kikakataa. Aliona aibu na huruma.

"Mama haji, mwanangu," alisema. "Alifariki. Tulimzika ile wiki niliyokuacha kwa Mzee Nikodemo."

Mtoto aliinua chupa, akamtazama mdudu.

"Wiki ile alikuwa bado wa kahawia?"

"Bado."

Modesta akaitikia kwa kichwa. Akafungua chandarua, akaanza kutoa zile nyasi kavu, moja moja, akiziweka mapajani mwa Rahabu. Zilipokwisha, akaomba majani ya maharage.