Difu ya Kupandisha Mbuzi wa Ntheo

Kyalo alikuwa chali chini ya Forester yake kuukuu, oili ya gia ikimdondokea shingoni, na mbuzi watatu wakilia karibu na miguu yake. Walikuwa wamefungwa kwenye bampa ya lori lililofia zamani hapo gerejini, Gitothua. Walikuwa mbuzi wa ntheo. Leo wakiingia kwa kina Dianah, ng'ambo ya Thika, Dianah atakuwa mke wake kwa mila ya Wakamba. Wasipoingia, atabaki mpenzi tu.

"Kyalo, hizo mbuzi zitazaa hapa," alisema shangazi yake, Syokau. Alikuwa amekalia tairi kuukuu, amejifunga leso mpya, goti lake bovu kalinyoosha mbele. "Tunaenda ama tunalala?"

"Bado kidogo tu, shangazi."

Safari ya kwanza walikwama. Kilima cha kwenda kwa kina Dianah ni udongo mweusi ambao ukinyeshewa huwa sabuni, na pale chini limesimama bango kubwa la mradi wa lami ambayo hakuna aliyeiona. Gari la Kyalo linavuta kwa magurudumu yote manne, ndiyo, lakini difu yake ya nyuma, ile gia inayoyagawia magurudumu nguvu, ilikuwa ya kawaida. Gurudumu moja likiteleza, nguvu zote hulikimbilia hilo hilo linaloteleza, na lenzake linasimama tu kama mgeni. Kyalo alikanyaga mafuta mpaka moshi ukatoka. Vijana wa kina Dianah waliposhuka kusukuma, mjomba wa Dianah, mzee Muasya, aliwapigia kelele kutoka juu: "Rudini! Mkwe akisukumwa na sisi, nani ameoa nani?"

Mbuzi wangepanda kwa miguu yao, lakini Syokau na lile goti hangeweza, na yeye ndiye msemaji. Wakageuza. Mzee Muasya akasema wakikwama tena, ntheo ingoje kiangazi. Kyalo hakula siku hiyo. Fundi mzima wa magari, kuaibika na gari lake mwenyewe mbele ya wakwe!

Sasa Ephantus, fundi mwenzake, alikuwa amepata dawa kwa muuza spea mmoja wa Thika: difu ya LSD, ile inayobana magurudumu mawili ya nyuma ili moja lisiteleze peke yake.

"Hii ni oliginal, buda," alisema. "Tufunge tu, masaa yanaenda."

"Kwanza tuhesabu gia."

"Si nimekwambia ni ya gari kama hii!"

"Na kama sio? Mbele ivute hivi, nyuma ivute vile, giaboksi ipasuke nikiwa kwa kilima?"

Kyalo alichora alama ya chaki, akaizungusha difu ya zamani, kisha mpya, Ephantus akihesabu mizunguko kwa sauti ya kwaya. Zikalingana. Wakaifunga, wakatia oili yake maalumu, wakainua gari lote juu ya jeki. Kyalo akalizungusha gurudumu la nyuma la kushoto kwa mkono. La kulia likafuata upande huo huo, bila kusitasita.

"Ngai! Imeshika!" Ephantus alipiga kelele, akaanza kucheza na spana mkononi. Syokau alisahau goti, akainuka, akapiga vigelegele mpaka watu wa kibanda cha chai wakatoka kuuliza nani amejifungua.

Petroli ilikuwa imepanda tena, lakini siku hiyo Kyalo aliinunua akiimba.

Chini ya kilima walikuta pikapu ya serikali imezama karibu na bango. Kando yake alisimama Githae, afisa wa barabara, viatu vyote tope. Alikuwa amekuja kuipokea rasmi kazi ya lami, ambayo kwenye karatasi ilikuwa imekwisha.

"Kijana, nivute kwanza. Mimi ni serikali."

"Wacha nioe kwanza, mkubwa."

Kyalo akakipanda kilima. Gari lilienda upande, likanguruma, mbuzi wakalia, Syokau akaomba kwa Kikamba. Gurudumu moja lilipoteleza, lenzake liliuma udongo, na gari likasogea. Likasogea tena. Walipofika juu, mzee Muasya alilizunguka lote kwa fimbo yake.

"Nani amesukuma?"

"Hakuna."

"Basi karibuni, wakwe!" Na Dianah, aliyekuwa ameapa kukaa ndani kwa heshima, akatoka mbio akicheka, machozi yakimtoka.

Mbuzi walipokwisha kupokewa, Kyalo alikumbuka ahadi yake kwa Githae. Aliteremka na kamba, akaifunga kwenye pikapu ili aivute hadi juu. Furaha ilikuwa imemjaa, hakuwa na kinyongo na mtu.

"Gari yako umeweka nini?" Githae aliuliza. Kyalo akamweleza, mpaka ile chaki.

"Safi sana! Jumatatu naagiza hizo difu kwa gari zote za ofisi. Hatutakwama tena huku."

"Na barabara, mkubwa?"

Githae alitazama kilima, kisha bango. "Barabara si imeisha?"

Kyalo alicheka sana, akashika tumbo. Kisha akainama, akafungua kamba taratibu, akaikunja begani.

"Kama imeisha, mkubwa, panda," alisema, akarudi juu kula nyama ya ntheo yake.