Chachu ya Nyumba ya Barakoa

Deolinda alikuwa anakamua jibini ya sita pale alipomwona wifi yake akipanda njia ya mawe, ndoo mkononi. Hakushtuka. Mikono yake iliyovaa glavu iliendelea kulibana donge la maziwa ndani ya kitambaa, ikaligeuza, ikalibana tena, na maji yakachuruzika mezani. Lakini moyoni alisema: Loo, umekuja. Umekuja kwa miguu yako miwili.

Miaka miwili alikuwa anaingoja asubuhi hiyo. Wengine humwomba Bikira Maria awape mvua au mume. Deolinda alimwomba jambo moja tu, kwamba siku moja Zulmira apungukiwe na kitu ambacho hakipatikani kwingine ila kwake. Msimwone mbaya upesi. Ngojeni kwanza niwaambie alichotendewa.

Katika bonde letu, huku kwenye milima ya Canastra, jibini ya leo huzaliwa na ya jana. Jioni unaitia chumvi, nayo inadondosha maji tone kwa tone kwenye ndoo iliyo chini ya meza. Maji hayo ndiyo chachu. Asubuhi unamimina kidogo kwenye maziwa yaliyotoka kukamuliwa, na hapo ndipo jibini inapopata ladha ya nyumba yako. Chachu ikiharibika, umekwisha. Na mwaka huu, kwa mvua za joto za Januari, zilianza kuharibika nyumba moja baada ya nyingine. Jibini zikawa zinavimba kama mipira. Ukizikata zina matundu matupu na harufu ya zizi. Kwa jirani yetu, Mama Perpétua, ziliharibika. Kwa Zulmira zilikuwa zinaharibika wiki ya tatu mfululizo, na nguruwe wake walikuwa wamenenepa mpaka aibu. Ni nyumba moja tu bondeni ambayo chachu yake ilibaki nzima, ile waliyoiita nyumba ya barakoa.

Jina hilo nani alilitoa? Zulmira huyo huyo.

Miaka mitatu iliyopita mafigo ya Deolinda yalikufa yote mawili, na Osório, mumewe, akampa lake moja. Wakampandikiza kule mjini. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimweleza hivi: "Mama Deolinda, mwili wako unaliona figo la mzee kama mgeni, unataka kulifukuza. Kwa hiyo hizi dawa zinailaza kinga yako. Utazimeza saa moja asubuhi na saa moja jioni, maisha yako yote. Ila kinga ikilala, mlango uko wazi. Kitu ambacho kwa wengine ni mafua, kwako kinaweza kuwa jeneza."

"Na jibini yangu?"

"Maziwa mabichi?" Binti aliweka kalamu chini. "Mama, ningependa uache kabisa."

"Siachi."

Walibishana nusu saa kama watu sokoni. Mwisho binti akasema, basi, glavu, barakoa, ng'ombe usiwaguse, zizini usiingie, na jibini isifike mdomoni mwako, hata chembe. Deolinda akaapa.

Na alikishika kiapo chake. Osório akitoka kukamua, viatu vilibaki nje, shati likabadilishwa, mikono ikaoshwa mpaka kwenye viwiko. Mwenye mafua alizungumza kutoka uani. Deolinda hakukumbatia watu tena kanisani. Kwetu huku hilo ni kama kumtemea mtu mate. Na jibini, ambayo zamani aliijua kwa ulimi, sasa aliijua kwa kidole gumba na kwa sikio. Aliigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kisha akamkatia Osório kipande. "Vipi?" "Chumvi kidogo imezidi." "Nimesikia." Miaka mitatu hakuonja kazi ya mikono yake mwenyewe. Nyinyi fikirini hilo.

Sasa Zulmira. Zulmira alikuwa dada mkubwa wa Osório, na kwa ajili ya lile figo hakumsamehe Deolinda. Jumapili moja, barazani pa kanisa, mbele ya yule mwanamume anayepita na gari kukusanya jibini, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka makaburini: "Mtu anatengeneza chakula amejifunga barakoa na glavu, anaficha nini? Ana ugonjwa gani huyo? Mimi jibini ya nyumba ile simpi hata mbwa wangu."

Basi. Gari likaacha kusimama. Miezi minane jibini za Deolinda zilipangwa kwenye rafu, zikageuka njano, zikapasuka, zikaliwa na nguruwe. Miezi minane alimimina chachu, akabana, akatia chumvi, akajua ni za nguruwe, na hakuacha kazi hata siku moja. Baadaye alipatikana mnunuzi mwingine, mambo yakakaa sawa. Lakini miezi minane ile ilimkaa Deolinda kooni.

Na sasa Zulmira alikuwa anapanda njia, Mama Perpétua nyuma yake na ndoo yake, akihema.

Pale mlangoni palikuwa na ndoo ya maji aliyooshea Osório viwele. Deolinda aliitazama. Kikombe kimoja tu cha maji yale ndani ya chachu, na jibini za Zulmira zingevimba mpaka Pasaka. Aliyatazama kwa muda, niseme kweli, kwa tamaa. Halafu akasonya. Jibini zikivimba, watasema ni ugonjwa wake. Atakuwa amemsaidia Zulmira kumtukana yeye mwenyewe. Hapana. Alitaka kitu kisafi kuliko hicho.

"Hodi, jamani, wenyewe mpo?" Mama Perpétua aliita.

"Simameni hapo hapo. Sabuni iko bombani. Barakoa ziko kwenye msumari, kila mtu yake."

"Ah, mwanangu! Hata mimi niliyesimamia ubatizo wa watoto wako?"

"Hata wewe, mama. Angekuja askofu naye angevaa."

Walinawa, wakavaa. Zulmira alivaa kwa kuvutavuta, macho yamemtoka juu ya kile kitambaa cheupe. Deolinda alimwacha ahangaike na kamba. Alipomaliza, Zulmira alinyoosha mikono miwili na kupiga hatua mbele kama mtu wa kuja kukumbatia. "Wifi, haya mambo si tuyamalize tu..."

"Hatua nne, Zulmira. Rudi."

Zulmira akarudi.

Kahawa ilikuwa imechemka jikoni na harufu yake ilikuwa imejaa baraza zima. Kwetu hata mtu aliyekushtaki hupewa kahawa kwanza, ugomvi baadaye. Deolinda hakuitaja kahawa. Mama Perpétua alimeza mate na kuangalia pembeni.

"Sema kilichokuleta."

"Si unakijua."

"Nataka kukisikia."

"Chachu yangu imekufa," Zulmira alisema.

"Pandisha sauti. Barakoa inameza maneno."

"Chachu yangu imekufa! Nimekuja kuomba."

"Kuomba chachu ya jibini ambayo hata mbwa humpi?"

Hapo Zulmira alilipuka. "Na wewe je? Walimpasua kaka yangu ubavu, mzima wa afya, wakamlaza pale kama nguruwe wa Krismasi! Kwa ajili yako! Ulitaka nipige makofi?"

Osório alikuwa ametokea zizini, kofia mkononi. Alisimama mbali, kwa kuwa hajabadilisha shati. "Dada," alisema, "figo nilitoa mimi. Na hukuniuliza hata siku moja kama niliumia."

"Uliumia?"

"Sana. Ningekuwa na mafigo matatu ningempa jingine."

Mama Perpétua akacheka kidogo ndani ya barakoa, akaona hakuna mwenzake, akanyamaza. "Haya, haya," akasema. "Chachu haiuzwi na hainyimwi. Deolinda, mwanangu, leta kikombe tumalize."

Deolinda alileta kikombe cha bati cheupe, akakichovya kwenye ndoo ya chachu, kikatoka kimejaa. Na hapo kila mtu akakumbuka. Tangu enzi za bibi zetu, anayetoa chachu hunywa kwanza, aonyeshe kuwa ni safi. Anayeomba hunywa baada yake, kikombe hicho hicho.

"Mwenye nyumba kwanza," alisema Mama Perpétua, taratibu.

Zulmira alielewa kabla ya wengine. Macho yake yalicheka. "Ndiyo, wifi, mwenye nyumba kwanza. Au inakutisha hata wewe mwenyewe?"

Weee! Deolinda alihisi damu imempanda mpaka masikioni. Asiponywa, kabla ya saa sita mchana bonde zima litakuwa linasema: mnaona, yeye mwenyewe haionji! Na miezi minane ingeanza upya, gari lipite bila kusimama, nguruwe walishwe. Funda moja. Funda moja tu lingemfunga Zulmira mdomo milele.

Alivua glavu, akaishusha barakoa mpaka kidevuni, akainua kikombe.

Harufu ilimpata mzima mzima, ya chumvi na majani na chumba hiki hiki, harufu ambayo kwa miaka mitatu alikuwa akiinusa kupitia kitambaa. Mate yalimjaa mdomoni. Angekunywa, wallahi angekunywa, si kwa kiu, kwa hasira.

"Deo," alisema Osório.

 Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye ubavu wa kushoto, pale penye kovu, umepashika kama mtu anayeshika kofia kwenye upepo. Deolinda aliuona mkono ule. Homa moja ya maziwa mabichi na figo lile lingekwenda na maji. Zulmira angempata kaka yake na ubavu wake wenye kovu, na Deolinda kaburini. Ushindi gani huo?

Alikishusha kikombe.

"Mimi sinywi," alisema. "Mnisikilize vizuri, na wewe, Mama Perpétua, ukayapeleke kama yalivyo, usiongeze chumvi. Mimi sina ugonjwa wa kumwambukiza mtu. Nyinyi ndio mnaoweza kuniua. Chafya yako, Zulmira. Kidole chako. Kinga yangu imelazwa ili figo la kaka yako likae mahali pake. Barakoa hii nilivaa kujikinga na nyinyi, mkasema nawaficha uchafu. Haya, uchafu uko wapi sasa? Chachu za nani zimeoza?"

Zulmira aliitazama ndoo yake.

"Kwa hiyo utakunywa peke yako." Aliweka kikombe ukingoni mwa baraza, akarudi nyuma hatua nne. "Bila mimi kuonja. Kutoka kwenye mkono huu huu ulioutangaza kuwa na ugonjwa. Ukiniamini, kunywa, chachu ni yako. Usiponiamini, njia unaijua."

"Lakini mwanangu, desturi..." Mama Perpétua alianza.

"Desturi? Aliyenianika barazani pa kanisa alifuata desturi ipi?"

Zulmira alimtazama kaka yake. Osório aliwatazama ng'ombe. Basi Zulmira akaivua barakoa, uso umekuwa mwekundu, akakichukua kikombe kwa mikono miwili. Alifumba macho. Deolinda alihesabu mafunda, akayahesabu kama mtu anayelamba asali: moja, mawili, matatu, manne, matano. Roho ilimsuuzika. Sitawadanganya, ilimsuuzika kabisa.

"Ni nzuri," Zulmira alisema.

"Sikusikia."

"Ni nzuri! Kuliko yangu ilivyowahi kuwa." Na sauti ilimkatika, kwa sababu yeye pia alikuwa mtengeneza jibini, na alichokisema kilikuwa kweli.

"Jumapili useme hivyo hivyo. Pale pale barazani."

"Nitasema."

Deolinda alivaa glavu mpya, akaipandisha barakoa yake, akaijaza ndoo ya Zulmira mpaka juu, hakupunja hata tone. Zulmira akaishika, akamnyooshea kikombe.

"Nenda nacho."

"Ni chako, wifi."

"Umekitia mdomo. Siwezi kukitumia tena."

Kikombe kikichemshwa dakika tano hakina neno. Deolinda alilijua hilo kuliko mtu yeyote bondeni, maana amechemsha vikombe miaka mitatu. Hakulisema.

Zulmira akaurudisha mkono. Aligeuka na kushuka njia, ndoo mkono wa kulia, kikombe mkono wa kushoto, akitembea polepole chachu isimwagike.

"Mama Perpétua," Deolinda alisema kwa sauti ya kufika mbali, "wewe kaa hapo barazani. Ndoo yako nitaijaza baadaye. Kahawa ipo. Na mkate wa jibini umetoka kwenye tanuri sasa hivi."

Mama Perpétua alikaa. Nani angeondoka?

Deolinda alivua glavu na kwenda bombani. Kule chini Zulmira alikuwa amefika kwenye geti, akasimama. Komeo lilikuwa zito, la kunyanyuliwa kwa mkono mzima, na chini ya miguu yake palikuwa na matope ya ng'ombe tupu, hapawekeki ndoo ya chachu. Angeweza kukitupa kile kikombe. Hakukitupa. Alisimama nacho, mgongo umewaelekea, mikono yote miwili imejaa, na hakugeuka kuita mtu.

"Deo," Osório alisema. "Geti."

Alikuwa tayari amepiga hatua moja, kisha akasita, akamwangalia mkewe. Deolinda alimsikia, ila alikuwa bado ananawa, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye viwiko, na sabuni alikuwa ametia nyingi.