Betri ya Mama Pindo

Jumamosi ile Mama Pindo aliamka akiwa ameshakata shauri, na mtu aliyekata shauri kabla hata ya kunawa uso, mwache. Kompyuta yake mpakato ilikuwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kifuniko hakifungi sawasawa, na kile kibao cha kupapasia kwa kidole kimeinuka upande mmoja kama shavu lenye jino bovu. Betri ndiyo iliyovimba. Ilikuwa imechoka tangu mwaka juzi, ikabaki pambo tu humo ndani: chaja ikichomoka, au umeme ukikatika, kompyuta inazima papo hapo, haiagi.

Na umeme wa mtaa ule, jamani, nao ulikuwa na mambo yake. Unakatika unapotaka, unarudi unapojisikia, na ukiuliza unaambiwa subira yavuta heri.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na mbili. Jina alipewa na wateja, kwa sababu pindo alilolishona yeye huwezi kuliona mpaka ugeuze nguo nje ndani. Shule aliishia darasa la saba. Lakini mwaka huo chuo kimoja cha ufundi kilimtafuta afundishe ukataji na ushonaji kwa njia ya mtandao, wanafunzi tisa walioko mbalimbali, kila Jumamosi saa kumi jioni. Siku ya kwanza binti mmoja akamwita "Mwalimu", na Mama Pindo akageuka nyuma kutazama nani ameingia. Alipotambua kwamba anaitwa yeye, alifurahi mpaka akaona haya.

Darasa la kwanza lilikatika dakika ya kumi na tano. La pili likakatika katikati ya kola, wanafunzi wakabaki na kola nusunusu mikononi. Jumatano mratibu wa chuo akapiga simu. Ni mtu mstaarabu, na mtu mstaarabu akileta habari mbaya ndipo inapouma zaidi.

"Mama, kazi yako tumeiona na tunaiheshimu," alisema. "Lakini darasa likikatika tena Jumamosi hii, itabidi tumpe mtu mwingine. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri," akajibu, na akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Fundi wa kompyuta wa barabara kubwa alimwambia aiache kwake wiki mbili, halafu kwa ushauri wake anunue mpya. Wiki mbili, na darasa ni kesho kutwa. Mama Pindo alimshukuru, akaifunga kompyuta yake kwenye kanga, akarudi nayo nyumbani. Aliinakili namba ya betri herufi kwa herufi, akaiagiza dukani, na Ijumaa ikafika ndani ya boksi pamoja na bisibisi moja ndogo na kipande cha plastiki cha kufungulia. Aliilinganisha namba mara mbili. Mtu anayekata kitambaa cha harusi ya mwenzake hapimi mara moja.

"Shemeji," ilisema sauti mlangoni asubuhi ile ya Jumamosi, "usiniambie unataka kukipasua hicho."

Alikuwa mdogo wa mumewe, fundi umeme wa majumba, aliyekaa chumba cha uani. Mume mwenyewe ni dereva wa lori na alikuwa safarini. Shemeji alisimama pale na mswaki mdomoni, povu hadi kidevuni.

"Sikipasui. Nakifumua."

"Kuna tofauti gani?"

"Kupasua hata wewe unaweza."

Shemeji akatema povu uani, akarudi uso umebadilika. "Utani kando. Betri ikivimba hivyo ina hewa ndani. Ukiitoboa inawaka. Kaka akirudi akute majivu, nitamwambia nini?"

"Mwambie, 'Mkeo alikuwa kazini na mimi nilikuwa napiga mswaki.'"

Alicheka, lakini alikwenda. Dakika tano baadaye alirudi na glavu zake za kazini na ndoo ya mchanga, akasimama nayo mlangoni. Mama Pindo naye si mjinga. Maneno ya shemeji yalimwingia. Aliondoa mezani mikasi, sindano, pini, vyote akavitia kwenye kopo na kulifunika. Kisha akapapasa meza nzima kwa kiganja, maana meza ya fundi cherehani haikosi pini moja iliyojificha, na kweli akaikuta, imelala kwenye ufa wa mbao. Alichomoa chaja. Alibonyeza kitufe cha kuwashia akakishikilia, hadi akaridhika kwamba humo ndani hamna uhai. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Akaigeuza kompyuta tumbo juu, akashika bisibisi.

Skrubu zilikuwa kumi na moja, na si zote sawa: mbili za karibu na bawaba zilikuwa ndefu. Hapo wengi huumbuka. Skrubu ndefu ukiitia kwenye tundu la fupi, inatoboa kilicho ndani. Mama Pindo hakuambiwa na mtu. Alilijua hilo kutokana na vifungo, kwa sababu kifungo kikubwa kwenye tundu dogo kinachana nguo. Alitandaza karatasi ya kuchorea patroni za nguo, akachora umbo la kompyuta kwa chaki, akatia alama kila tundu lilipo. Alivaa sumaku yake mkono wa kushoto, ile inayofungwa kama saa ili ikamate pini, ambayo siku zote huning'inia kwenye cherehani. Kila skrubu aliyoilegeza aliinyanyua kwa sumaku, kisha akaichomeka kwenye karatasi mahali pake. Alipomaliza, hata mtoto angeweza kuzirudisha.

"Hiyo umefundishwa wapi?" shemeji akauliza.

"Kwenye koti lenye vifungo vya aina tatu."

Akakipitisha kile kipande cha plastiki ukingoni, polepole, na vishikizo vya ndani vikaanza kuachia kimoja kimoja: tak, tak. Kila tak shemeji alirudi nyuma hatua moja. Kifuniko cha chini kilipotoka chote, yeye na ndoo yake walikuwa uani.

Betri ilikuwa imelala humo, nyeusi, imetuna. Plagi yake ndogo aliitoa kwa kuisukuma kwa kucha kutoka pande zote mbili, nyaya hakuzigusa. Anayevuta uzi wakati wa kufumua hujitafutia tundu. Kisha akainua betri kidogo, na betri ikakataa. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi.

"Leta kisu chembamba," shemeji alishauri kutoka uani.

"Kisu kwenye kitu kinachowaka? Na wewe unaitwa fundi?"

Alikaa akaitazama ile gundi. Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo. Mama Pindo akapiga moyo konde, akakata uzi wa nailoni, ule mnene wa kushonea mabegi, akazungusha ncha zake kwenye vidole viwili na kuupenyeza chini ya pembe ya betri. Akaanza kuuvuta huku na huku, huku na huku, bila kuikunja betri na bila kuibonyeza. Uzi ulimkata vidole. Jasho lilimtiririka hadi kwenye nyusi, akalifuta kwa bega. Alikuwa anaogopa, na aliogopa kwelikweli, lakini mikono yake haikupata habari hizo. Baada ya dakika ishirini gundi ikaachia.

Shemeji alikuja kuipokea mwenyewe, kwa mikono miwili, akaifukia kwenye mchanga na kuipeleka katikati ya uwanja, mbali na kuta. "Jumatatu nitaipeleka kule wanakokusanya betri mbovu," alisema. "Mpaka hapo asiisogelee mtu." Safari hii hakuwa anamtania.

Betri mpya iliingia kama iliyopimwa kwa futi. Plagi ikaitika. Skrubu zikarudi kwa mpango wa karatasi, ndefu kwenye ndefu, fupi kwenye fupi, hakuna iliyobaki. Saa sita na nusu Mama Pindo aliigeuza kompyuta, akafunua, akabonyeza. Ikawaka. Bila chaja, bila waya wowote, ikawaka, na kwenye kona ya skrini pameandikwa betri ina asilimia thelathini na nane.

"Haya, niite fundi," akasema, akaweka mikono kwenye kibodi aandike neno lake la siri.

Skrini ikazima.

Aliondoa mikono, akabonyeza kitufe. Ikawaka. Akaweka mikono. Ikazima. Alijaribu mara nne, na mara nne ikamfanyia hivyo hivyo. Shemeji alisogea, akashika kiuno, akajikaza asiseme, akashindwa.

"Nilisema mimi."

Machozi yalimpanda Mama Pindo, akayameza. Hakulilia kompyuta. Alililia lile neno, Mwalimu, ambalo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulizoea. Alimwona mtu mwingine, mwenye vyeti, akiitikia jina hilo Jumamosi ijayo. Na ilimuuma kwamba hakuna aliyemnyang'anya. Amejiharibia kwa mikono yake mwenyewe.

Akainuka, akanywa maji, akarudi na kuketi. Akageuza kompyuta tumbo juu, akaifungua upya, skrubu kumi na moja, tak, tak, yote tangu mwanzo. Alikagua plagi, imekaa. Alikagua nyaya, nzima. Hakuna kilichopondwa, hakuna kilichotobolewa. Akaifunga. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini, na bado inahitaji kuchajiwa.

"Iwashe wewe," alimwambia shemeji.

"Mimi? Ili uje kusema nimeiua?"

"Iwashe."

Shemeji alivua glavu, akabonyeza, ikawaka. Akagusagusa herufi kwa kidole kimoja. Haikuzima. Akaweka mikono yote miwili. Haikuzima. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri. "Inanipenda mimi. Ina macho."

"Usiondoe mikono," Mama Pindo alisema.

Alikuwa amekunja uso, ule uso wa kutafuta kosa kwenye nguo ya mtu. Nguo moja inamkaa huyu na inamkataa yule. Usilaumu nguo, tazama miili ina tofauti gani. Alitazama mikono ya shemeji: mitupu, ina kovu moja la zamani. Akatazama yake. Akaisogeza ya kushoto taratibu karibu na ukingo wa kibodi, pale kiganja kinapopumzikia. Skrini ikazima. Akaurudisha mkono nyuma, shemeji akabonyeza, ikawaka.

"Sumaku," alisema.

Shemeji alitazama ule mkanda mkononi mwake, kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Kifuniko cha juu, hiki chenye skrini, kina sumaku ndani, ndivyo inavyojua imefungwa ili ilale. Wewe ukileta mkono…"

"Inadhani nimeifunika. Masikini, ilikuwa inanitii."

Akaufungua ule mkanda, akautupia shemeji, na wakacheka hadi shemeji akakaa chini sakafuni. Mama Pindo alicheka huku analia, na safari hii hakuyameza. Kisha akachomeka chaja, akamfukuza shemeji nje, akaenda kuoga.

Saa kumi kamili alikuwa ameketi, blauzi ya kazi imepigwa pasi, futi ya kitambaa shingoni, betri asilimia themanini na moja. Simu ilikuwa pembeni inaleta intaneti. Wanafunzi tisa walitokea kwenye vidirisha vyao, na kwenye kidirisha cha kumi mratibu, ambaye alisalimia kwa adabu na kusema amekuja kusikiliza tu. Kila mtu alijua amekuja kusikiliza nini.

Somo lilikuwa kuweka mkono wa blauzi kwenye kwapa. Mama Pindo alianza na sauti ya kutetemeka, lakini kitambaa kilipofika mkononi sauti ikatulia. Alionyesha namna ya kugawa mvuto, yaani ile ziada ndogo ya kitambaa, ili mkono usijikunje begani. Aliwasimamisha, akawakosoa, akamwambia kijana mmoja mwenye haraka kwamba kwapa haliogopi mbio zake.

Saa kumi na dakika arobaini, taa ya juu ya meza ikazima. Pangaboi likazunguka mara mbili za uvivu na kusimama. Kutoka mitaa yote ya jirani ukasikika ule mguno wa watu waliokatiwa umeme.

Wanafunzi waliona uso wake umeingia giza, wakajua. Walikuwa wameshazoea. Mmoja akavua subana, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano. Mwingine akaanza kukunja kitambaa. Yule binti wa siku ya kwanza akaweka mkasi chini na kupunga mkono, uso wa huzuni, kama mtu anayemsindikiza msafiri. Mratibu aliinamisha kichwa akaanza kuandika kitu.

Mama Pindo aliwaona wote. Alisogeza kiti karibu na dirisha, akaigeuza kompyuta ipate mwanga, na kusubiri mpaka wa mwisho wao amtazame.

"Nani amewaambia muweke mikasi chini?"

Mratibu akainua kichwa, kalamu imebaki hewani.

"Tuko kwenye kwapa," alisema. "Upande wa mbele bado. Chukueni vitambaa vyenu, tuendelee."