Maziwa ya Kidoti

Jua lilikuwa halijapanda sawasawa pale Bweni, na Mboni tayari kapiga magoti bandani, mikono imelowa hadi viwiko, akimvuta mtoto wa kondoo aliyekwama. Alipotoka alikuwa mkubwa, mzuri, manyoya yamewiva wekundu, lakini hakupumua. Mboni alimpangusa pua, akamsugua mbavu kwa kipande cha kanga, akampuliza puani. Wapi! Kimya.

Kidoti, mama yake, aligeuka akaanza kumlamba huku akilia kwa sauti ya chini.

"Pole, mwanangu," Mboni alimwambia. Kidoti ndiye kondoo wake wa kwanza, na huu ulikuwa uzazi wake wa kwanza.

Alimpa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na sukari guru, akamtilia pumba kwenye karai, akangoja mpaka kondo la nyuma likatoka zima. Hapo alishusha pumzi. Ila kiwele kilikuwa kimekaza, kina moto, na kila kikiguswa Kidoti aliruka. Akamkamua kidogo ile dang'a, maziwa ya kwanza mazito ya manjano, apate nafuu.

Jirani yake Imakulata alipita uani na jembe begani, akasimama. "Masikini! Mzike tu huyo mtoto, dada Mboni. Maziwa yatakauka yenyewe."

Mboni hajajibu, simu ikalia. Alikuwa Sadalla, mdogo wa mumewe, anayekaa Pangani mjini, ng'ambo ya mto.

"Shemeji, kondoo wangu kanifia jana, kavimba tumbo. Kaacha kitoto, na chupa hakitaki kabisa! Nifanyeje?"

Mboni aliinuka kama aliyechomwa na siafu. "Sadalla, sikiza! Wangu kafiwa na mtoto sasa hivi! Ana maziwa ya kumwaga!"

"Wallahi? Basi tukutane kivuko..."

Simu ikazima. Chaji ilikuwa imekwisha.

"Shika kamba!" Mboni alimwambia Imakulata. "Tunamvusha."

"Mzazi? Leo leo?"

"Leo leo! Harufu ya mwanawe ikishamtoka puani, hamkubali tena mtoto wa mwingine. Atampiga kichwa."

Alikipitisha kile kipande cha kanga juu ya mwili wa marehemu mpaka kikalowa majimaji ya uzazi, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni. Wakampandisha Kidoti kwenye mkokoteni, juu ya majani makavu. Imakulata anasukuma, Mboni anavuta, jembe limeachwa pale pale uani.

Walipofika ukingoni, kivuko kilikuwa bado upande wa pili, kinapakia magari. Mboni hakuwa na subira ya kukingoja. Alimwita Hatibu, mwenye boti ndogo ya injini.

"Kondoo naye ni abiria?" Hatibu aliuliza akicheka.

"Leo ndiye abiria mkuu. Twende, baba, washa!"

Kidoti alilazwa katikati ya boti, kichwa mapajani mwa Mboni. Walipofika katikati ya mto, kivuko nacho kilikuwa kinakuja, kimejaa watu. Ghafla Kidoti akainua masikio, akalia. Kutoka juu ya kivuko, kitu kidogo kikamjibu: meee!

Mboni akatazama juu. Sadalla huyo, amesimama kwenye vyuma vya ukingoni, kapu mkononi, kichwa cha mtoto wa kondoo kimechomoza.

"Sadallaaa!"

"Shemeji! Unakwenda wapi?"

"Nakuja kwako!"

"Na mimi nakuja kwako!"

Abiria wakaangua kicheko. Kivuko hakingeweza kusimama, kikapita. "Geuza, Hatibu, geuza!" Mboni na Imakulata walipiga kelele pamoja. Hatibu akageuza kwa nguvu hata maji yakawarukia usoni, wakakifuata kivuko kwa nyuma, na Kidoti anaita njia nzima.

Pale Bweni watu walishuka wakazunguka, kila mtu na ushauri wake. "Nyamazeni jamani, mtamtisha," Mboni aliomba. Akafungua mfuko, akampaka yule mtoto yale majimaji: kichwani, mgongoni, na zaidi chini ya mkia. Akamweka mchangani mbele ya Kidoti.

Kidoti alimnusa, akarudi nyuma, akapiga mguu chini. Kondoo akanusa tena, chini ya mkia, akakaa hapo kitambo. Kisha akaanza kulamba. Mtoto akayumba, akajipenyeza chini ya tumbo, akatafuta, akakosa, akatafuta tena, akapata. Kile kimkia kikaanza kutikisika mbio mbio.

"Ananyonya!" Imakulata alipiga kigelegele, na wanawake wa kivukoni wakampokea. Sadalla alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anacheka kama aliyerukwa na akili.

"Hakitaki chupa, eti!" Mboni alisema, machozi yanamtiririka. "Kilikuwa kinamtaka mama!"

Kidoti alikataa katakata kurudi kwenye mkokoteni. Basi Sadalla akambeba mtoto, akiinama mno ili pua ya Kidoti isipoteze harufu, wakapanda mwinuko hivyo hivyo polepole. Kila hatua chache kondoo alisimama akataka mtoto wake ashushwe, na kila mara Sadalla, mgongo unamuuma, alimshusha.