Mistari Miwili ya Njano

Ziiii. Taa ya sodiamu ilivuma kabla haijawaka. Ndipo wekundu hafifu ukatokea, kisha njano ikajaa maabara. Mtunza maabara alikuwa bado ameinamia spektromita, chombo cha kuutenganisha mwanga kuwa mistari ya rangi, mlango ulipogongwa.

"Babu, fungua! Tumepewa sifuri, darasa zima!"

Alimjua kwa sauti, akamfungulia: binti anayerudia mwaka. Akifeli tena, anafukuzwa chuo.

"Kisa?"

"Mtihani wa jana. Tumeandika mstari mmoja wa njano. Mwalimu anasema ni miwili, na kwamba tumenakiliana."

"Wewe uliona mingapi?"

"Mmoja! Mnene kama mkanda wa askari."

Kwa miaka miwili mzee alikuwa akizitambua chupa kwa kupapasa vifuniko, na hakuna aliyeshtuka. Jana, akitayarisha mtihani, mstari ulimpotea. Akalegeza skrubu, akaupanua mwanya wa kuingizia mwanga mpaka akauona, akaridhika. Wanafunzi wamekatazwa kugusa skrubu ile.

Sasa aliikaza, robo mzunguko, robo tena.

"Chungulia."

Binti alifumba jicho moja. "Ni miwili," alinong'ona. "Babu, myembamba, imekaribiana kama mapacha!"

"Elektroni inazunguka kiini cha atomu, na ina spini yake, kama pia inayojizungusha. Spini ikielekea upande mmoja na mzunguko, nishati inapanda kidogo. Ikielekea kinyume, inashuka. Ngazi mbili, mistari miwili."

"Hayo nimeyakariri hadi usingizini. Mbona jana haikuonekana?"

Mzee aliinama achungulie. Giza, na ukungu wa njano.

"Mwanya ukiwa mpana, kila mstari unanenepa, inamezana. Niliupanua mimi, ili nami nione. Macho yangu yamekwisha, mjukuu wangu."

Binti alirudi nyuma hatua moja. Hasira ilimjaa, ikakosa pa kwenda. "Watakuachisha kazi."

"Leo leo."

"Basi tuseme skrubu ililegea yenyewe! Nani atajua?"

"Na mtihani ujao nitawapanulia nini?"

Viatu vya mwalimu vilisikika koridoni, vya haraka, vya mtu aliyekwisha kukata shauri. Binti aliufuta uso kwa kiganja. Mzee alipapasa ukingo wa meza, akavuta stuli, akamkalisha.

"Tulia hapo. Akiingia, usifungue mdomo. Nakuahidi, nitasema mimi kwanza, na nitasema yote."