Alama kwenye Nguzo

Kiangazi kile cha mwaka 1996 mvua iligoma kukatika. Anverali alikuwa ametoka hospitali, kifua kimeshonwa, na daktari alimwagiza atembee kila siku. Hakuwa mtu wa kutembea bure. Enzi za duka lao la Mwanza, miguu yake ilijua safari moja tu, kutoka kaunta hadi stoo. Akatafuta sababu, na sababu akaipata kwenye kinamasi cha mto Rouge, mwendo wa basi kutoka mtaa wao wa Agincourt, huku ughaibuni walikohamia. Juu ya nguzo kuukuu ya taa, ndege wawili walikuwa wamerundika vijiti wakajenga kiota kipana kama tairi la lori.

"Furukombe!" alimwambia mkewe, Daulat. "Kama wa kule ziwani kwetu. Hawa nao hawali kingine ila samaki."

Daulat akawa anafuatana naye, chupa ya chai mkobani, kwa kuogopa mumewe asije akaanguka peke yake vichakani. Nyumbani walisema Kikachi, lugha ya wazee wao Wahindi, lakini pale kwenye benchi Kiswahili kiliwarudia, kwa sababu ya Winfred. Huyu alikuwa msichana wa Kitui anayesoma chuo kikuu, na likizo ile alikuwa amepata kazi ya kukilinda kiota. Makinda walikuwa watatu. Ukitazama kwa darubini, wawili walisimama wima, na wa tatu kichwa chake kilining'inia ukingoni kama kitambaa kilichoanikwa.

"Mbona yule amelegea?" Daulat aliuliza.

"Njaa, mama. Dume ndiye anayevua. Jike habanduki, watoto wasinyeshewe. Sasa mto umejaa tope, dume haoni kitu ndani ya maji."

"Akileta kidogo?"

"Mkubwa anakula kwanza. Akibakisha, ndiyo wengine wanapata."

"Na mama yao hamtengei mdogo?"

"Anampa anayenyoosha shingo." Winfred alishusha darubini. "Mimi naomba tu jike asiondoke. Ukiona amekwenda kuvua mwenyewe, ujue mambo yameharibika."

Jike lilikuwa likilia. Lililia asubuhi, likalia mchana, sauti nyembamba isiyopumzika, uso umeelekea mtoni. Dume lilirudi na makucha matupu, likatua kwenye mti wa mbali. Anverali alikunja ngumi magotini.

"Kwa hiyo sisi tunakaa tu tunatazama?"

"Tunatazama, mzee. Tukiingilia tutaharibu."

Anverali aliipima nguzo kwa macho, chini hadi juu. Daulat alimjua mumewe, na mtazamo ule haukumpendeza.

Wiki iliyofuata Daulat alifungua friza akakuta sato aliowanunua duka la Wachina wamepungua. Akaona magamba yameganda kwenye mkono wa koti la Anverali. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, mumewe alipotoka bila kumwamsha, alivaa viatu akamfuata, akapanda basi lililofuata.

Alimkuta chini ya nguzo, nyundo mkononi, amempigilia samaki kwa msumari juu kadiri mkono wake ulivyofika.

"Anver! Umeambiwa nini wewe?"

Mzee aligeuka, uso unang'aa. "Wanakula, Daulat! Kila nikija, wa jana hayupo. Haubaki hata mwiba."

Tangu alipopasuliwa, Daulat hakuwa amemwona akicheka namna ile. Alichukua darubini ya mumewe. Juu, jike lilikuwa bado linalia. Kinda wa tatu hakuinua kichwa. Kama samaki wote wale wameliwa, mbona kule juu njaa ni ile ile?

Anverali alipokwenda kuketi, yeye alisogea hadi kwenye nguzo. Kwenye mbao palikuwa na mikwaruzo mipya, na kando yake alama za matope zenye vidole vitano vyembamba, kama mkono wa mtoto mchanga. Alama ya chini ilikuwa imekauka. Ya juu yake ilikuwa na unyevu. Nyingine ilikuwa imepita msumari, juu zaidi ya pale ambapo mtu angefika.

Winfred alipofika, Daulat alimvuta pembeni akamwonyesha. Msichana alizigusa alama kwa kidole.

"Rakuni," alisema. Daulat aliwajua, wale wanyama wenye weusi machoni kama majambazi waliojifunika, wanaofungua mapipa ya taka ya mtaani kwao. "Nani ameweka samaki hapa?"

Daulat alimtazama mumewe kule kwenye benchi, akimimina chai. Winfred aliona, akaelewa.

"Nitapiga simu walete bati la kuizungushia nguzo, wasiweze kupanda. Lakini leo, na mvua hii, hawatakuja."

Alasiri jike liliacha kulia. Lilisimama ukingoni, likajitingisha maji, likaruka kuelekea mtoni. Anverali alipiga makofi akidhani limeshiba. Winfred na Daulat hawakutazamana.

Walibaki mpaka jike liliporudi, makucha matupu. Ndipo wakaondoka.

Asubuhi kiota kilikuwa kimya. Vijiti vimetawanyika majanini, manyoya machanga yamenasa kwenye mbao za nguzo, na alama za vidole vitano sasa zimefika hadi kiotani. Kinda hakuonekana hata mmoja. Mvua ilikuwa imepungua, na dume lilikuja likiwa na samaki mzima anayetikisa mkia, likatua ukingoni. Likatazama ndani. Likasimama hivyo kwa muda mrefu, samaki akiendelea kupapatika chini ya mguu wake.

Anverali aliketi bila kuinua darubini.

"Samaki wangu walikuwa wanaliwa na nani?" aliuliza hatimaye.

"Na rakuni," Daulat alisema.

"Tangu lini unajua?"

"Jana."

"Ukaniacha nipige makofi."

Daulat angesema nini? Kwamba alikuwa amekikosa kicheko chake miezi yote ile, akataka akisikie siku moja zaidi? Alimshika mkono. Mzee hakuuvuta, wala hakuufumbata.

Mchana gari lilifika na bati. Winfred aliwaambia mafundi walifunge hivyo hivyo, huenda ndege wakarudi mwakani. Wale wazee wawili walikaa wakisikiliza bati likigongwa, mabasi ya Agincourt yakipita barabarani, na hakuna kati yao aliyekuwa wa kwanza kuinuka.